Askari wa mwili wanapochoka: maneno juu ya sepsisi na juu ya sanduku letu la dharura

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu, mfanyakazi wa nyanjani, mbele ya mkutano wa wanachama na wageni wafadhili. Tumeyachapa karibu sawa na alivyoyasema.)



Niliombwa nizungumze dakika ishirini juu ya afya. Afya ni neno pana, mtu anaweza kulizungumza mupaka jioni na watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nitashika kitu kimoja tu. Kinaitwa sepsisi. Na nitazungumza juu ya mama mmoja ambaye wengi mliomo humu tulimzika pamoja. Familia yake imenipa ruhusa, na mama mkwe wake yuko hapa mbele amebeba mtoto. Jina sitalitaja. Ninyi mnalijua, na wale watakaosoma gazeti letu kule mbali hawana haja nalo.

Kwanza niseme wazi: siko munganga. Nilisomea maendeleo ya vijijini, kazi yangu ni visima, mbegu na vikundi vya akiba. Haya niliyasoma usiku, juu ya kutaka kuelewa kilichotupata, kisha nikampelekea daktari mmoja rafiki yangu, naye akanirudishia karatasi imejaa mistari myekundu. Nikikosea leo, kosa ni langu, si lake.

Huyu mama alirudi kutoka Nyarugusu na boti ya Kigoma sawa na wengi wetu. Alikuwa kwenye kikundi cha muhogo. Alijifungua mtoto wa nne bila shida kubwa, siku ya pili akarudi nyumbani. Siku ya tatu jioni akaanza kutetemeka. Wakampima palu, kipimo kikasema ndiyo, akapewa dawa ya palu. Simlaumu aliyempima. Huku kwetu watu wengi wanatembea na palu ndani ya damu bila kuumwa, kipimo kinaiona, na kinasema kweli. Lakini palu kuwa ndani ya damu haimaanishi kwamba ndiyo inayomuua mtu siku ile.

Siku ya tano alikuwa anapumua haraka sawa na mtu aliyepanda mulima na jerikani kichwani, na kumbe amelala. Siku ya sita akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akimwita mama yake ambaye alikufa Lugufu zamani. Jirani mmoja akasema ni mashetani. Mwingine akasema ni uchovu wa uzazi, apewe uji. Mama mkwe peke yake alisema: "Huyu mutoto hayaenda kukojoa tangu asubuhi." Hakuna aliyemsikiliza. Mlishike hilo neno lake, nitalirudia.

Walinipigia simu saa mbili usiku. Sanduku letu la dharura lilikuwa na franga. Lakini sheria yetu inataka sahihi tatu, na mmoja wa wenye sahihi alikuwa Uvira. Nikajibu, na ninasema mbele yenu sawa na nilivyosema usiku ule: "Tungojee asubuhi, tupange vizuri." Nilifikiri ninalinda franga za chama.

Asubuhi, saa nne, ndipo alipofika hospitali. Mikono baridi, miguu baridi, kucha zimegeuka rangi. Walimuwekea oksijeni, wakampa antibiotiki za mshipani, wakasafisha kizazi kilichokuwa kimeoza ndani. Siku 24 alikuwa kitandani. Na akapona! Mnakumbuka tulivyompokea, nyimbo, kuku wawili. Wiki ya tatu baada ya kutoka alikuwa amesharudi shambani, maana deni la likelemba lilikuwa linamngojea. Wiki ya sita akaanza kukohoa. Kikohozi tu, sawa na chetu sote wakati wa mvua. Siku ya nne ya kikohozi tukampoteza.

Baada ya maziko likaja ulizo ambalo ninyi wenyewe mliliuliza: namna gani mtu anashinda ugonjwa mkubwa, kisha anauawa na kikohozi? Na pale ambapo hakuna jibu, watu wanatafuta jibu. Kuko jina lilianza kutajwa kwenye kisima. Ni mama mzee, mjane, wa mtaa wetu. Kwa wiki mbili hakuweza kuja kuchota maji. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi, na hiyo ndiyo iliyonifanya niketi nisome. Maana jibu liko, na halina mchawi ndani yake.

Sepsisi ni neno la Wagiriki wa kale, maana yake kuoza. Waganga wao walilitumia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini maana wanayoipa leo ni nyingine kidogo. Mwaka 2016 mabingwa wa dunia walikubaliana kwamba sepsisi ni hatari ya kifo inayoletwa na jinsi mwili wenyewe unavyojibu maambukizo: mwili unajibu vibaya, na viungo vyake, figo, mapafu, moyo, ubongo, vinaanza kushindwa kazi. Sikilizeni vizuri hapo. Mdudu anaanzisha, lakini sehemu kubwa ya uharibifu inafanywa na sisi wenyewe, na askari wetu wa ndani.

Natumia neno askari nikijua niko mbele ya watu gani. Sisi tuliokimbia 1996, na wengine tena 1998, hatuhitaji kufundishwa kwamba wenye silaha waliokuja kulinda kijiji wanaweza kukichoma. Wala kwamba wanaweza kuchoka, wakatupa silaha na kukimbia, na kijiji kikabaki wazi kwa yeyote. Katika sepsisi mambo yote mawili yanatokea. Zamani waganga walifikiri ni moto kwanza, kuchoka baadaye. Leo wanaona kwamba vyote viwili vinaanza karibu pamoja: huku mwili unaungua, huku ulinzi wake unaanguka.

Ndani ya damu kuko chembe nyeupe za aina nyingi. Za kwanza zinaitwa neutrofili. Hizi ni vijana wa mbio, wanazaliwa ndani ya mifupa kila siku kwa mabilioni, wanaishi muda mfupi, wanafuata harufu ya mdudu, wanammeza na kumchoma kwa sumu yao. Wana na silaha nyingine ambayo wavuvi wa Tanganyika wataipenda: wanaweza kutupa nyavu. Kweli nyavu, zilizotengenezwa na nyuzi za urithi za chembe yenyewe, na wadudu wananaswa humo. Ilionekana mwaka 2004 tu, si zamani. Sasa katika sepsisi mifupa inaona haja ni kubwa, inatoa vijana ambao hawajakomaa. Wengine hawafuati tena harufu, wanakwama ndani ya mishipa midogo. Nyavu zinatupwa ovyo, zinaziba mishipa, damu inaganda mahali pasipofaa. Ndiyo maana mikono inakuwa baridi na figo zinakosa damu. Mtu ambaye figo hazipati damu hakojoi. Mama mkwe hakusoma kitabu, lakini aliona figo zinafunga mlango.

Aina ya pili ni monositi. Hizi zinameza mdudu kisha zinabandika kipande chake nje, kwenye bendera, ili wengine wamtambue. Bendera hiyo inaitwa HLA-DR. Katika sepsisi bendera zinashushwa. Chembe iko, ukiihesabu utaiona, lakini haionyeshi kitu. Na wale wanaotakiwa kusoma bendera, limfositi, ambao ndio wenye kumbukumbu ya kila ugonjwa uliowahi kukupata, wanakufa kwa wingi. Hawauawi na mdudu, wanajiua wenyewe kwa amri iliyo ndani yao. Waliobaki wanavaa breki, moja inaitwa PD-1, wanakuwa sawa na gari lenye injini lakini mguu uko juu ya breki.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambayo ilinifanya nifunge kompyuta nikae kimya. Walichukua wengu na mapafu ya watu 40 waliokufa kwa sepsisi, mara tu baada ya kifo, wakaziamsha zile chembe kuona kama zinaweza bado kupiga kelele ya vita. Kelele hiyo ni vitu vinavyoitwa sitokini, ndivyo chembe zinavyoitana. Kwa jumla zilitoa chini ya sehemu 10 katika 100 ya zile za watu ambao hawakuwa na sepsisi. Yaani wengi wa watu hawa walifikia kufa bila jeshi, ingawa walikuwa hospitali za nchi tajiri, na dawa, na mashini.

Na jeshi haliamki siku ile mgonjwa anaposaini karatasi ya kutoka. Linaweza kubaki dhaifu kwa majuma, kwa wengine miezi. Virusi vilivyokuwa vimelala mwilini miaka mingi vinaamka. Wadudu wa kawaida, ambao wewe na mimi tunawafukuza kwa kukohoa mara mbili, wanapata njia. Marekani, karibu watu 40 katika 100 waliopona sepsisi wanarudi hospitali ndani ya siku 90, na mara nyingi ni kwa maambukizo mengine. Na nisiwapeleke mbali: Uganda, kule Mbarara, walifuatilia watoto waliolazwa kwa maambukizo makali. Waliokufa ndani ya miezi sita baada ya kutoka walikuwa karibu sawa kwa hesabu na waliokufa ndani ya hospitali, na wengi wao walifia nje ya hospitali, bila munganga kuwaona tena.

Sasa mrudi kwa mama wetu. Wiki sita. Shamba, jua, kulala kidogo, kunyonyesha, sombe bila ndagala. Kikohozi. Hakuna aliyempima bendera zake, huku kwetu mashini hiyo haiko, kwa hiyo sitaapa kwamba najua kila kilichotokea ndani ya damu yake. Lakini hadithi yake ni ileile wanayoiandika Marekani na Mbarara. Mama mzee wa kisimani hayumo ndani yake. Naomba wale waliolitaja jina lake, nanyi mnajijua, mpite kwake leo kabla ya giza.

Nirudi kwa palu kidogo, maana hapa ndipo kwetu kuna jambo ambalo Ulaya hawana. Mtoto mwenye palu kali, damu yake nyekundu inapasuka, na rangi ya ile damu inamwagika ndani ya mwili. Mwili unajilinda na sumu ya rangi hiyo, lakini kujilinda huko kunaharibu neutrofili zinazozaliwa wakati ule: zinatoka zikiwa na kiwiko kizito, zinameza mdudu lakini haziwezi kumchoma. Waliona kwanza ndani ya panya, kisha, mwaka 2012, wakaonyesha uharibifu huo katika damu ya watoto wa Gambia. Mdudu anayefaidi ni Salmonela, yule wa ukoo wa tifoide. Yeye anapenda kukaa ndani ya chembe isiyoweza kumuua, ni sawa na mwizi kujificha ndani ya kituo cha polisi. Ndiyo maana katika Kongo yetu, watoto wadogo wenye palu na upungufu wa damu ndio wanaokutwa sana na Salmonela ndani ya damu, na wengi wa wadudu hao wameshazoea antibiotiki za kawaida zinazouzwa barabarani.

Kwa hiyo kipimo cha palu kikisema ndiyo, kazi haijaisha. Kama mtoto amepewa dawa ya palu na bado ana homa, hanyonyi, anapumua haraka, msikubali neno "ni palu tu, itaisha". Mrudi. Na njaa inaongeza: mtoto aliyekonda, tezi yake ya kifuani inayolea limfositi inasinyaa, anaingia vitani na jeshi nusu.

Neno juu ya serumu. Najua nitawaudhi. Sisi tunapenda serumu. Mtu akiumwa, familia inauliza kwanza, "Wamemutundikia?" Na mwaka uliopita sanduku letu lililipa serumu mara nyingi kuliko lilivyolipa pikipiki ya kwenda hospitali, nimeziangalia karatasi. Sasa sikilizeni. Kuko utafiti mkubwa ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa 2011, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Wengine walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa hayo ya haraka. Kila mtu alitegemea waliopewa wataokoka zaidi. Ndani ya masaa 48, katika waliopewa walikufa karibu 10 au 11 kwa kila 100. Katika wasiopewa, 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya mwisho wake. Watoto wenye kuhara sana hawakuwamo, hao maji ni uhai wao, wala sisemi mtu akatae serumu ambayo munganga wa hospitali ameamua. Nasema serumu ya kutundikwa nyumbani kwenye msumari, ya kununua dukani "ili apate nguvu", sanduku lisilipe tena. Daktari wangu aliandika pembeni ya karatasi: "Sema kwa sauti." Nimesema.

Watu wanauliza: basi dawa ya kuwatuliza hao askari, au ya kuwaamsha, iko wapi? Walijaribu, miaka zaidi ya thelathini. Dawa za kuzima moto, nyingi, karibu zote zilishindwa. Moja ilikubaliwa Marekani mwaka 2001, ikauzwa kwa bei ya kutisha, na mwaka 2011 mwenye kuitengeneza akaiondoa sokoni baada ya utafiti mwingine kuonyesha haiokoi. Sasa wanajaribu njia nyingine, kuamsha jeshi lililolala, kutoa mguu juu ya breki. Iko bado kazi ya maabara na majaribio. Shida moja ni kwamba wagonjwa wawili wanaweza kuonekana sawa kitandani, kumbe mmoja anaungua na mwingine amebaki bila askari. Ukimpa mmoja dawa ya mwenzake unamuua. Nawaambia hivi ili asije mtu na chupa akasema ni dawa ya sepsisi kutoka ng'ambo.

Kinachookoa leo ni cha zamani na hakipendezi sana kukihadithia: antibiotiki inayofaa mapema, kutoa usaha au kilichooza, oksijeni, kuangalia mkojo na pumzi. Na kufika. Kufika ndiyo shida yetu. Kwa mtu ambaye tayari moyo na damu vinashindwa, mabingwa wanataka antibiotiki ndani ya saa moja tangu atambuliwe. Mama wetu alikaa masaa 14 baada ya simu yangu.

Na kuzuia. Mwaka 1847 kule Vienna, daktari mmoja aitwaye Ignaz Semmelweis aliona bamama wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi pale wanapohudumiwa na madaktari wanaotoka kukata maiti. Akawalazimisha kunawa mikono na maji ya klori. Mwezi wa nne walikufa 18 katika 100, mwezi wa sita 2. Wenzake wengi walimkataa. Vyumba vyetu vya kuzalia mnavijua: ndoo iko, maji hakuna. Mimi ni mtu wa visima, kwa hiyo hapa najisikia nyumbani: bomba linalofika mpaka chumba cha kuzalia ni dawa ya sepsisi kabla ya sepsisi.

Kuko na habari mpya inayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa nchi saba, na Kongo yetu ilikuwa ndani, bamama zaidi ya 29,000. Waliokuwa kwenye uchungu walipewa azitromisini, gramu 2, mara moja tu, kwa kumeza; wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Sepsisi au kifo cha mama: 24 katika 1,000 kwa wasiopewa, 16 katika 1,000 kwa waliopewa. Watoto wachanga hawakupata faida hiyo. Si ya mtu kwenda kununua mwenyewe, ni ya zoni ya afya kuamua, lakini komite yetu inaweza kuuliza, na barua ya kuuliza tumeshaiandika.

Wageni wetu, mlituuliza msaada wenu uende wapi. Hesabu za dunia za mwaka 2017 ni watu karibu milioni 49 waliopata sepsisi na milioni 11 waliokufa, kifo kimoja katika kila vifo vitano, na karibu nusu ya waliougua ni watoto chini ya miaka mitano. Sehemu kubwa iko katika nchi sawa na yetu. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kukata tamaa au kuchapisha fulana. Fulana, samahani, tuko nazo za kutosha, za rangi zote. Tunaomba franga za usafiri wa usiku na mtungi wa oksijeni, na mtu wa kutembelea waliotoka hospitali.

Basi kwa komite. Naomba sheria ya sahihi tatu iondolewe kwa usafiri wa dharura. Reko wa mtaa, au mama yeyote mkubwa wa kikundi, akiona moja ya dalili hizi, pamoja na homa au na mwili uliopoa: anapumua mbio akiwa amelala, maneno yanamchanganyikia au hataki kuamka, hajakojoa tangu asubuhi, mikono na miguu baridi, ngozi ina madoa, mtoto mchanga ameacha kunyonya, mama aliyejifungua au kutoka mimba ndani ya majuma sita, anatetemeka au anatoka uchafu wenye harufu. Akiona hivyo, amwite mweka hazina, hata usiku wa manane, na franga zitoke. Sahihi zitafuata kesho. Mtu atadanganya mara moja moja, ndiyo. Nimehesabu: tukidanganywa kila mwezi pikipiki moja, kwa mwaka mzima hatufiki bei ya jeneza tulilonunua.

Na akifika hospitali familia iulize waziwazi, hata kama munganga atakunja uso: "Inaweza kuwa sepsisi?" Ulizo halilipishwi.

Kisha miezi mitatu baada ya kutoka. Kikundi cha muhogo kimekubali kulima shamba la mgonjwa zamu kwa zamu, na likelemba yake ingojee. Reko apite kila juma. Homa au kikohozi ndani ya miezi hiyo kihesabiwe dharura, kisiitwe kikohozi tu. Nyama hatuna, lakini ndagala, mayai na maharagwe ya kikundi yaende kwake kwanza. Chanjo za watoto wa nyumba hiyo zikamilishwe. Haya yote hayahitaji mfadhili, na tungeweza kuyafanya kwa mama wetu kama tungejua.

Mama mkwe aliniuliza juzi kama angepona lau ningesema "nendeni" ile saa mbili usiku. Nilimwambia sijui, na kwamba angekuwa na nafasi zaidi. Akanyamaza, kisha akaniambia nishike mtoto kidogo aende kutafuta kuni.

Motari wawili wa mtaa wa chini wamekubali kubeba mgonjwa usiku na kulipwa asubuhi. Namba zao ziko nyuma ya jalada la kitabu cha akiba, kila kikundi kina chake, muangalie kabla hamjatoka. Prezida, nimepita dakika zangu. Kura ya sahihi iko mikononi mwako, na wenye maulizo waanze na bamama.